Gololi ya Babu Keluntang

"Bibi, gololi ya Babu iliingia pipa gani?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipomuuliza hivyo bibi yangu, Sirreh Samateh. Alikuwa amechuchumaa barazani kwake, mtungi mpya mapajani, akiugonga kwa ukucha wa kidole cha kati. Hakuniangalia. Akagonga tena, akasikiliza, ndipo akasema, "Jalika, mitungi ya ndani yote imejaa maji?" Nikajua nimefukuzwa. Nikachukua ndoo nikaenda bombani.

Swali lenyewe halikuwa langu peke yangu. Nyumba yetu nzima ilikuwa nalo rohoni, na nusu ya mji wetu wa Farafenni pia. Mimi nilikosa tu adabu ya kulimeza.

Bibi anauza vyungu. Kila Jumapili, siku ya gulio, hupanga mitungi na vyungu vyake karibu na wauza samaki wakavu, na watu humjia hata kama hawanunui. Mwanamke amenunua chungu kwingine, anamletea: "Mama Sirreh, hebu nisikilizie hiki." Bibi hugonga mara mbili. Akisema kina ufa, habishi mtu, hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa jua wala kwa tochi. Nilimuuliza anajuaje.

"Chungu kizima huitika kutoka tumboni," alinijibu. "Chenye ufa huitika kwa pua."

Sikio hilo lilimpa heshima gulioni, na nyumbani likamkosesha raha. Mwaka niliozaliwa mimi, babu yangu Keluntang Manneh aliongeza mke wa pili, Tida. Sisi wajukuu tunamwita Bibi Mdogo, naye hapendi, anasema tunamzeesha. Mlango wake unatazamana na mlango wa Bibi, na kati yao kuna hatua ishirini na tatu. Nimezipima mwenyewe. Kwa sikio la Bibi hatua ishirini na tatu si kitu. Zamu ya Babu ikiwa kwa Tida, Bibi alikuwa akikaa mlangoni akichambua mchele, na ghafla mkono unasimama hewani.

"Vitatu," anasema.

"Vitatu nini, Bibi?"

"Vijiko vya sukari. Kila akitia kimoja anakigonga ukingoni mwa glasi, husikii? Kwangu hunywa kimoja. Eti daktari amemkataza."

Nilikuwa nikicheka mpaka nashika mbavu. Siku hizi sicheki sana. Jaribu kufikiri: miaka kumi na moja unahesabu vijiko vya sukari vya mke mwenzako.

Tida naye hakuwa mnyonge. Alisoma mpaka darasa la sita, akawa katibu wa kafo, chama cha wanawake wa mtaa wetu. Alikuwa na daftari lenye jalada la maua, akilibeba kwapani hata akienda kumjulia hali mgonjwa. Bibi hajui kusoma. Tida akilifungua daftari mbele ya watu, Bibi alikuwa akitazama pembeni na kukaza kilemba chake, ingawa hakikulegea.

Basi ukaja uchaguzi wa bunge. Waliogombea kwetu walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa Ansumana Dibba, kaka yake Tida, tumbo moja, alama yake kandili. Wa pili alikuwa Mwalimu Kebba Touray, alama yake jembe, mtoto wa kijiji alichozaliwa Bibi. Si ndugu yake, ila wamechota kisima kimoja. Nyumba yetu ikagawanyika pale pale kwenye zile hatua ishirini na tatu.

Babu alikuwa mjanja, au alidhani ni mjanja. Nilimsikia mimi mwenyewe akimwambia Tida, huku akipokea bakuli la mchuzi wa domoda, "Mama, kura yangu unaijua." Siku mbili baadaye, zamu imegeuka, ananawa mikono kwa Bibi: "Mama Sirreh, kura yangu si unaijua?" Kila mke akabaki anatabasamu, na kila mke akaliona tabasamu la mwenzake ng'ambo, asilielewe, likamchoma.

Kwetu hatupigi kura kwa karatasi. Unapewa gololi moja, unaingia nyuma ya pazia, unaitumbukiza katika pipa la bati la mtu umtakaye. Ndani ya pipa kuna kengele. Gololi ikiigusa inalia, ting, kisha inaangukia mchangani kimya. Ting moja, mtu mmoja. Zikilia mbili, kuna mwizi. Ndiyo maana siku hiyo hata muuza mikate huacha mbali baiskeli yake yenye kengele.

Kwa hiyo mashirika ya raia yanayolinda uchaguzi yalipotuma mtu kutoka mji mkuu, Banjul, kuja kutafuta waangalizi kwenye kafo, yalitaka wawili kwa kila kituo: wa kuandika na wa kusikiliza. Aliyekuja alikuwa Bi Ndey-Awa, mwanamke mwembamba mwenye miwani na sauti ya kubembeleza. Tulikutana shuleni kwetu, darasa la tatu. Nasema tulikutana kwa sababu nilijipenyeza nyuma ya mama yangu. Wa kuandika alipatikana upesi, mkunga mmoja kijana. Kwenye kusikiliza, Tida aliinua mkono kabla swali halijaisha.

"Mimi hapa. Masikio ninayo mawili kama kila mtu, na kuandika najua juu yake."

"Kaka yako anagombea, Bi Tida."

"Na huyu je?" Kidole kikamwelekea Bibi. "Huyo mwalimu si wa kijiji chao?"

"Kijiji si tumbo moja."

"Loo! Kumbe upendeleo una mizani yake, mnaupima kwa tumbo!"

Wanawake wakacheka. Bi Ndey-Awa akaona maneno hayataisha, akaweka ndoo nyuma ya kitambaa, akaanza kutumbukiza vitu huku akituambia tupige soga kwa sauti. Alipomaliza akauliza, "Ngapi?" Mmoja akasema kumi na nane. Mwingine ishirini na mbili. Tida, kalamu mkononi, akasema ishirini kamili.

Bibi alikuwa amefumba macho. "Gololi kumi na tisa," alisema. "Na karanga moja ya ganda."

Bi Ndey-Awa akaipindua ndoo mbele yetu. Karanga ikabingirika mpaka miguuni mwa Tida.

Tulipokuwa tukitoka, Tida akasema kwa sauti ya watu wote, "Sikio refu ni la punda."

"Na punda ndiye anayeaminiwa mzigo," Bibi akamjibu, wala hakugeuka.

Waliapishwa mambo matatu. Usiseme ulichosikia cha mtu. Usioneshe usoni. Na ukiona kasoro, inua mkono saa hiyo hiyo. Bibi alifanya mazoezi ya uso nyumbani, anakaa kimya kama kifuniko cha sufuria, mimi namtekenya. Kwa kuwa haandiki, alijitengenezea hesabu yake: vibuyu viwili, kimoja kina karanga, kingine kitupu, na kila kengele ikilia anahamisha karanga moja. Akapewa fulana nyeupe na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Nilikionea wivu kile kitambulisho, nikawa nakivaa akiingia kuoga.

Siku yenyewe foleni ilianza kabla jua halijakaza. Nilisimama na mama yangu, nimeshika pindo la nguo yake. Babu alikuwa watu wawili mbele yetu, kofia nyeupe, kanzu imepigwa pasi na wake wawili, kila mmoja kwa siku yake. Tida alikuwa nyuma yetu kidogo. Foleni iliposogea mpaka dirishani, nikaweza kuona ndani ya darasa: msimamizi na chupa ya wino, mawakala wa wagombea kwenye madawati yetu madogo, magoti yamewafika kidevuni, na Bibi kwenye benchi na vibuyu vyake. Pembeni yake yule mkunga. Mwisho wa chumba, pazia.

Bibi alikuwa amelaza kichwa upande.

Nakijua kichwa hicho. Ndicho anachokilaza chungu kinapoitika kwa pua. Nikatega sikio langu, na kwa kuwa nilikulia barazani kwake, baada ya watu kadhaa nikasikia. Pipa moja lilikuwa likisema ting. La pili likisema teng', kama mtu mwenye mafua. Kengele yake ilikuwa imelegea, labda njiani, kwa barabara zetu zile.

Kisha nikaona kitu kingine, na najua Bibi alikiona kabla yangu. Wakala wa Ansumana, kijana mwenye saa kubwa ya mkononi, alikuwa na karatasi ya majina mbele yake. Kengele ikisema teng', anatia nukta. Ikisema ting, anapitisha kalamu hewani. Mwezi huo huo Ansumana alikuwa amegawa mbolea mitaa yote. Ile karatasi ingemwonesha nani alipokea mbolea akaenda na jembe.

Mkono wa kulia wa Bibi ukanyanyuka kutoka gotini. Ukafika usawa wa kifua. Hapo akatazama foleni nje ya dirisha, macho yakapita mtu mmoja mmoja mpaka yakakutana na kofia nyeupe. Mkono ukarudi gotini.

Niliuona ukirudi. Nilidhani alitaka kuhakikisha.

Watu wakaingia na kutoka. Yule fundi cherehani. Mabinti wawili wa imamu. Mzee mmoja aliyebusu gololi yake kwanza, watu wakacheka. Karanga zikahama, nukta zikaongezeka. Ikafika zamu ya Babu. Akachovya kidole, akapewa gololi, akapita mbele ya Bibi huku ananyoosha kofia ambayo haikupinda. Tida akapaza sauti huku nyuma, "Mzee, usije ukakosea kandili, ndilo lenye mwanga!" Msimamizi akatoka kumkaripia. Mule ndani Babu alikawia nyuma ya pazia kama mtu anayechagua samaki. Vumbi la chaki likampalia Bibi, akakohoa mpaka machozi, mkunga akawa anampigapiga mgongoni. Babu akatoka, hakumtazama mtu.

Mwanamke aliyefuata hakuwahi kupewa gololi. Bibi alikuwa amesimama, mkono juu.

"Bwana msimamizi, simamisha kura. Pipa la kandili linalia kwa pua. Mwenye kusikia anajua kila mtu kaweka wapi." Akamgeukia yule kijana. "Na bwana huyu anasikia vizuri sana. Muombe karatasi yake."

Kijana alijaribu kuitia karatasi kwenye soksi. Wakamkamata mguu. Kura zilisimama saa nzima. Mapipa yote mawili yakatiwa lakiri mbele ya mawakala yakakaa pembeni, yakaletwa mapipa mengine mawili matupu, na msimamizi mwenyewe akawa anatumbukiza gololi za majaribio huku Bibi amegeuzia uso ukutani. "Bado," anasema Bibi. Wanakaza kengele. "Bado." Wanaongeza mchanga. "Hapo hata mimi siwezi kutofautisha." Ndipo kura zikaendelea.

Jioni walipohesabu, gololi zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Daftari la mkunga lilisema hivyo hivyo. Karanga za Bibi zilikuwa mia nne na kumi na moja. Msimamizi akasema si kitu, siku imekuwa ndefu. Lakini Tida alipata alichokuwa akikitafuta tangu asubuhi.

"Sikio la dhahabu limepungukiwa na moja!" alitangaza kwenye ua. "Waambieni Banjul wamnunulie la pili!"

Bibi, ambaye hajawahi kuacha kijembe kikaanguka chini bila kukirudisha, safari hii aliingia ndani na vibuyu vyake. Nilishangaa, kisha nikasahau. Sote tulikuwa na jambo kubwa zaidi la kufikiria.

Ansumana alishindwa jimbo zima kwa kura thelathini na saba. Tida alilia siku mbili. Siku ya tatu akaacha kulia, akaanza kumtazama Babu. Maana hesabu yake ilikuwa rahisi hata kwa mtoto: Bibi alijua sauti za mapipa, Babu aliingia, Babu alitoka, ndipo Bibi akainua mkono. Basi Bibi alisikia. Mtaa wote ulikubaliana hivyo.

Nikamuuliza lile swali langu, nikatumwa maji. Wiki hiyo hiyo Tida alivuka zile hatua ishirini na tatu, ameshika bakuli la chakri, punje za uwele zilizomwagiwa maziwa ya mgando.

"Dada, kula. Halafu niambie. Kandili au jembe?"

"Mdogo wangu, nimeapa."

"Sisemi useme. Nitikisie kichwa tu."

"Kichwa nacho kiliapa."

"Basi ni jembe! Ingekuwa kandili, usingekaa umetulia hivi."

Bibi akalamba kijiko. Kesho yake Tida akarudi. "Nimefikiri. Ni kandili. Ungekuwa umeshinda wewe, ungenitangazia kwa macho tu. Unaninyima raha yangu." Bibi akamwambia chakri ya jana ilikuwa tamu. Ikawa hivyo miezi, Tida anakuja na jembe leo na kandili kesho, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba aliyekuwa akisikiliza ng'ambo ya ua sasa alikuwa yeye. Bibi akicheka na Babu, Tida anasimama mlangoni.

Na Babu! Wiki moja baada ya uchaguzi, zamu ya Bibi, nilikuwa nimekaa mkekani nikichora. Babu akachukua glasi yake ya chai ya ataya. Akatia kijiko, akakigonga ukingoni. Akatia cha pili. Akatia cha tatu.

"Na daktari?" Bibi akauliza, macho yake yako kwenye mchele.

"Daktari gani?" akasema Babu.

Tangu siku hiyo alikunywa vitatu kwa wake wote wawili. Hakuthubutu kumuuliza Bibi kama alisikia, na Bibi hakumsaidia. Mimi niliwahi kumuuliza Babu pipa gani. "Kura ni siri, mjukuu wangu," alisema, akakohoa kidogo na kuondoka.

Masika ya mwaka jana Babu alipatwa na homa ya mapafu, akatutoka ndani ya siku nne. Wakati wa eda wake wawili walikaa chumba kimoja, kitanda huku na kitanda kule. Nilikuwa nikiwapelekea uji. Siku moja nilimkuta Tida amemshika Bibi mkono. "Hayupo tena, Dada. Kiapo cha nini? Kama alinidanganya nijue, kama hakunidanganya nimlilie vizuri." Bibi akautoa mkono wake polepole, akageukia ukuta. Nilimchukia siku ile, kidogo, na nikaona aibu kumchukia.

Mwaka huu uchaguzi wa bunge umerudi. Nina miaka kumi na sita. Bi Ndey-Awa akaja tena na miwani mipya, kafo likakutana, akamkunjulia Bibi fulana nyeupe mbele ya wote. Mwezi Februari wanafunzi wa kidato chetu walikuwa wameandika kuhusu watu wa mji wetu wanaostahili kukumbukwa, nami nilimwandika Bibi, mwanamke aliyesimamisha kura kwa sikio lake. Nilipata alama za juu. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa na fahari kama fulana ni yangu.

Bibi akaikunja tena. "Mpe Tida," alisema. "Kaka yake hagombei safari hii. Na kugonga vyungu nimemfundisha, anasikia."

Chumba kizima kikamtazama. Tida akadhani anachezewa.

"Punda amechoka na mzigo?"

"Punda aliuangusha," akasema Bibi.

Mchana huo tulikaa watatu barazani tukibangua karanga za mbegu. Fulana ilikuwa mapajani mwa Tida, hajaivaa, hajaiweka chini. Maganda yalikuwa yakipasuka, pa, pa, na mimi nilikuwa nawaza yale niliyoyaandika shuleni. Nikashindwa kuvumilia, nikauliza tena kama nilivyouliza nikiwa mdogo: "Bibi, gololi ya Babu iliingia pipa gani?"

Mikono ya Tida ikasimama. Bibi akabangua karanga moja, akaitazama, akaitupa kwenye kibuyu, na hakumjibu aliyeuliza. Alimjibu Tida.

"Niliapa kuinua mkono saa hiyo hiyo. Nilipoijua ile kengele, Keluntang alikuwa na watu kumi na wanne mbele yake. Niliwaacha wapite wote kumi na wanne, kijana yule akiwatia nukta au kuwaruka mmoja mmoja, kwa sababu nilitaka kumsikia mume wangu. Akaingia. Nikajiambia, sasa, Sirreh, utajua anampenda nani. Nikaogopa. Ulinicheka karanga moja ilipopungua, Tida. Ndiyo hiyo. Nilikohoa makusudi nisiisikie gololi yake, kisha miaka mitano nikakuacha uamini kwamba jibu ninalo."